Kuacha Kazi Si Maandalizi ya GMAT

Miongoni mwa wahitimu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaokusudia kusomea ng'ambo Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake cha MBA, imeenea rai moja inayorudiwa kana kwamba ni kanuni iliyothibitishwa: kwamba mtu mwenye ajira ya kutwa hawezi kujiandaa ipasavyo kwa mtihani wa kujiunga na masomo hayo, na kwa hiyo mwenye nia ya dhati hana budi kuacha kazi kwa miezi kadhaa, au kuomba likizo ndefu bila malipo, au kuiweka kando azma yake hadi majukumu yatakapopungua. Rai hiyo husemwa kwa nia njema, tena mara nyingi na watu waliofaulu, na ndiyo sababu husikilizwa. Hata hivyo ni rai potofu, na upotofu wake una gharama, kwa kuwa huwakatisha tamaa mapema wale hasa ambao mshahara wao wa kila mwezi ndio karo ya wadogo zao na dawa za wazazi wao. Kinachomwangusha mtahiniwa mwenye kazi ni jinsi anavyozitumia saa chache alizonazo. Kumwongezea saa nyingine nane kwa siku, huku namna yake ya kujifunza ikibaki ile ile, hakumfaidii kwa kadiri inayodhaniwa, na pengine humdhuru.

Kosa la rai hiyo linaanzia kwenye mtihani wenyewe. Wengi wanaoitetea huuchukulia GMAT, yaani mtihani wa kupima utayari wa mtu kwa masomo ya juu ya usimamizi, kama mtihani wa taifa wa kidato cha nne au cha sita, ambao mtahiniwa huuendea na shehena ya maarifa aliyoyakusanya kwa miaka na kuyakariri kwa miezi, na ambao kwa kweli humtaka akae chini na vitabu kutwa nzima. GMAT haukuundwa kwa shabaha hiyo. Ulianza kutolewa mwaka 1954, baada ya kundi dogo la vyuo vya biashara vya Marekani kukubaliana mwaka 1953 kwamba panahitajika kipimo kimoja cha kuwalinganisha waombaji waliotoka katika fani mbalimbali, mhandisi kwa mwanasheria, mwalimu kwa mhasibu. Na kipimo kinachotakiwa kuwatendea haki watu wa fani zote hizo hakiwezi kuegemea maarifa ya fani yoyote mojawapo. Muundo wake wa sasa, ulioanza kutumika Novemba 2023, umekaza zaidi msimamo huo. Una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, yaani maswali 21 ya hisabati, maswali 23 ya ufahamu na uchambuzi wa hoja, na maswali 20 ya uchambuzi wa data, jumla yake maswali 64 kwa saa mbili na robo. Jiometri imeondolewa, insha imeondolewa, na maswali ya kusahihisha sarufi ya sentensi, ambayo yaliwatesa wengi waliojifunza Kiingereza shuleni badala ya nyumbani, nayo yameondolewa. Hisabati iliyobaki haivuki mipaka ya sekondari: asilimia, uwiano, wastani, milinganyo, na tabia za namba.

Mtu aliyesoma orodha hiyo anaweza kujiuliza ugumu uko wapi, na swali hilo ndilo linalopaswa kuulizwa kabla ya mtu kuandika barua ya kuacha kazi. Ugumu uko katika uamuzi unaofanywa ndani ya dakika mbili. Ichukuliwe aina moja ya maswali ya sehemu ya data, ambamo mtahiniwa hatakiwi kutafuta jibu, bali hutakiwa kuamua kama taarifa alizopewa zinatosha kulipata. Swali linaweza kuuliza kama x ni kubwa kuliko sifuri, kisha likatoa taarifa mbili: ya kwanza, kwamba kipeo cha pili cha x ni 9, na ya pili, kwamba kipeo cha tatu cha x ni 27. Mwenye haraka huona 9, akakumbuka 3, akasema taarifa ya kwanza inatosha, naye amekwisha kukosa, kwa sababu hasi 3 nayo ikizidishwa kwa yenyewe huzaa 9. Ni taarifa ya pili tu inayotosha, maana hakuna namba hasi ambayo kipeo chake cha tatu ni 27. Hakuna kitu katika swali hilo ambacho mwanafunzi wa kidato cha tatu hajafundishwa. Anayelikosa hakukosa maarifa. Alikosa mazoea ya kusita mahali panapostahili kusitwa, na mazoea hayo hayapatikani kwa kusoma sura ile ile ya kitabu mara tano. Hupatikana kwa kufanya swali, kukosea, kutambua kosa lilizaliwa katika hatua gani, na kulirudia siku kadhaa baadaye, wakati jibu lake limeshasahaulika na ni njia tu inayoweza kukumbukwa.

Kama hivyo ndivyo, swali la saa ngapi kwa siku hugeuka kuwa swali la namna ustadi unavyojengeka akilini, na juu ya jambo hilo upo ushahidi wa zamani ambao wenye rai inayopingwa hapa hawautaji. Mwaka 1978 wanasaikolojia Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa posta wa Uingereza, ambao walihitaji kufundishwa kupiga chapa kwa sababu upangaji wa barua ulikuwa unahamishiwa kwenye mashine zinazotegemea namba na herufi za anwani. Watu hao waligawanywa katika makundi manne: la kwanza lilijifunza kwa saa moja kwa siku, la pili na la tatu kwa saa mbili kwa siku, moja kwa mfululizo na jingine kwa vipindi viwili, na la nne kwa saa nne kwa siku katika vipindi viwili vya saa mbili mbili. Kundi la saa moja lilihitaji takriban saa 35 za mafunzo kuzimudu herufi zote. Kundi la saa nne lilihitaji takriban saa 50 kufika pale pale. Kwa maneno mengine, saa ya mtu aliyejifunza kidogo kila siku ilikuwa na thamani kubwa kuliko saa ya mtu aliyeshinda mafunzoni.

Utafiti huo una sehemu ya pili inayostahili kuzingatiwa hata kuliko ya kwanza. Washiriki walipoulizwa waliuonaje utaratibu wao, kundi la saa moja kwa siku, lililojifunza kwa ufanisi mkubwa kuliko yote, ndilo lililoridhika kidogo kuliko yote, kwa kuwa watu wake walijiona wanabaki nyuma ya wenzao kadiri siku zilivyopita. Hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwa rai kwamba kazi na maandalizi haviendi pamoja. Aliyeacha kazi na kushinda na vitabu hujisikia anasonga mbele kwa kasi, kwa sababu kurasa zinafunguka na saa zinahesabika. Anayesoma saa moja alfajiri kabla ya kupanda daladala hujisikia anadoea elimu, hata pale ambapo akili yake inaihifadhi vizuri zaidi. Hisia zote mbili ni za kweli kama hisia, lakini hazina mamlaka ya kuwa ushahidi.

Inaweza kujibiwa kwamba kupiga chapa ni ustadi wa vidole na GMAT ni ustadi wa fikra, na pingamizi hilo ni halali. Lakini matokeo yanayolingana nayo yamepatikana katika hisabati pia. Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu idadi ile ile ya maswali ya hisabati, wengine wakiyafanya yote kwa mkupuo mmoja na wengine wakiyagawa katika vikao viwili vilivyotengana kwa wiki moja. Walipopimwa baada ya wiki moja tu tofauti haikuwa na maana, ila baada ya wiki nne waliogawa mazoezi walipata takriban alama maradufu ya wenzao. Aliyejiandaa kwa mkupuo, kwa hiyo, anaweza kung'ara katika jaribio la Ijumaa na kuduwaa kwenye mtihani wa mwezi ujao. Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha tangu mwaka 1885, kwa majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, jinsi usahaulifu unavyoanza kwa kasi na jinsi marudio yaliyotawanywa yanavyouzuia. Naye John Dunlosky na wenzake, walipopitia mwaka 2013 mbinu kumi za kujifunza, waliziweka juu kabisa mbili, kujipima kwa maswali na kuyatawanya mazoezi katika siku nyingi, na wakaziweka chini kusoma tena yaliyosomwa na kupiga mistari chini ya maneno. Mtu mwenye saa kumi na mbili za bure kwa siku hana namna ya kuzijaza kwa kujipima pekee, kwa kuwa kujipima kunachosha; atazijaza kwa kusoma tena na kupiga mistari, yaani kwa zile mbinu mbili hafifu, huku akiamini kwamba amefanya kazi.

Hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili ni ya hesabu tupu: kwamba wapo wanaohitaji saa mia moja au mia mbili za mazoezi, na mwenye ajira hana saa hizo. Haifai kuikwepa. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na hata zikiongezwa saa za foleni ya Morogoro Road au Thika Road, ambazo katika miji hii ni nyingi kuliko zinavyostahili kuwa, mtu anayepata saa moja kwa siku nne za kazi na saa tatu kila siku ya mapumziko anakuwa na saa kumi kwa wiki. Saa mia ni wiki kumi. Saa mia mbili ni miezi mitano hivi. Mtu ambaye msingi wake wa hisabati una mapengo, labda kwa sababu shule yake haikuwa na mwalimu wa somo hilo kwa mwaka mzima, hali ambayo si ngeni kwa wengi, atahitaji muda mrefu zaidi, pengine mwaka. Lakini anachokihitaji ni miezi zaidi, na mwenye mshahara ndiye anayeweza kuimudu miezi. Aliyeacha kazi hawezi. Akiba yake inapungua kila wiki, tarehe ya mtihani inasogezwa karibu na njaa badala ya kusogezwa karibu na utayari, na ada ya mtihani, inayozidi dola 200 za Marekani, ambayo ingekuwa sehemu ya mshahara wa mwezi, inageuka kuwa mzigo wa kuombea mkopo.

Kuhusu uchovu, wapinzani wana haki, na ni wajibu kusema hivyo waziwazi. Mtu aliyetoka kwenye zamu ya wodini, au kwenye kaunta ya benki siku ya mwisho wa mwezi, hana akili ya kupambanua hoja saa tatu usiku, na kumlazimisha ni kumfundisha kukosea. Lakini dawa inayotolewa mitaani kwa tatizo hilo, ya kuamka saa tisa usiku na kulala saa tano au sita tu kwa miezi, inastahili kulaaniwa kwa ukali kuliko hata ushauri wa kuacha kazi. Hans Van Dongen na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba watu waliolala saa sita au pungufu kwa siku kumi na nne mfululizo walidhoofika katika umakini na kumbukumbu hadi kufikia kiwango cha watu waliokesha kabisa, na lililo baya zaidi ni kwamba wenyewe hawakutambua kwa kiasi gani wamedhoofika. Mtihani unaopima uamuzi wa dakika mbili ndio wa kwanza kumwadhibu mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo saa ya maandalizi haina budi kutolewa mahali pengine: katika simu, katika televisheni, katika mikutano ya kijamii ambayo mtu anaweza kuomba radhi asiihudhurie kwa miezi michache, na ikiwa haipatikani kokote siku hiyo, ni afadhali siku hiyo ipite bila mazoezi.

Tena wanaoshauri watu waache kazi husahau nyumba ambazo watu hao watarudi kukaa ndani yake. Katika familia nyingi za Kiafrika, mtu mzima anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi huhesabiwa kuwa yu huru, hata akiwa na vitabu mezani. Ndiye atakayetumwa hospitalini na mgonjwa, ndiye atakayepokea wageni kutoka kijijini, ndiye atakayesimamia mafundi. Kwa wanawake jambo hili ni zito maradufu, kwa kuwa kazi ya ofisini, pamoja na uchovu wake wote, ndiyo kinga pekee inayotambuliwa na jamaa dhidi ya madai yasiyo na kikomo ya kazi za nyumbani zisizolipwa. Mke aliyeacha kazi ili asome hupoteza kinga hiyo siku ile ile, na saa nane alizodhani amezikomboa humezwa kabla hajafungua daftari. Mwenye ofisi, kwa upande wake, ana saa ya chakula cha mchana, ana meza tulivu kabla wenzake hawajafika, na ana ratiba inayomlazimisha kujua ni saa ipi hasa iliyo yake. Mpaka huo una manufaa ambayo ni vigumu kuyathamini mpaka yamekosekana.

Inashangaza pia kwamba rai hii imepata nguvu katika nchi ambazo historia yake yenyewe inaikanusha. Nchini Kenya, bodi ya mitihani ya uhasibu na ukatibu ijulikanayo kama KASNEB imekuwapo tangu mwaka 1969, na nchini Tanzania bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, tangu mwaka 1972. Na vizazi vya wahasibu wa nchi hizi vimefaulu mitihani ya bodi hizo wakiwa makarani wa mchana na wanafunzi wa jioni. Mitihani hiyo ina kodi, sheria za kampuni na viwango vya hesabu, yaani maarifa mengi ya kukumbukwa kuliko chochote kinachodaiwa na GMAT. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili pia ya watu wasioweza kuacha kazi. Hakuna aliyewahi kumwambia karani wa hesabu kwamba uhasibu hauwezekani bila kujiuzulu. Kwa nini mtihani wa vyuo vya ng'ambo upewe utakatifu ambao mitihani ya nyumbani, iliyo mirefu na mizito kuliko huo, haijawahi kupewa?

Vyuo vyenyewe havina fikra hiyo. MBA, tangu ilipoanza kutolewa na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1908, imekua na kuwa shahada ya watu waliokwisha kufanya kazi, na leo mwanafunzi wa kawaida wa vyuo vikuu vya biashara vyenye jina huingia akiwa na uzoefu wa miaka minne au mitano. Mtihani, basi, umewekwa kwa ajili ya watu ambao chuo kinatarajia wawe kazini siku wanapoufanya. Baraza linalousimamia lilikwenda mbali zaidi mwaka 2016, lilipoanzisha mtihani mwingine mfupi wa dakika 90 kwa ajili ya waombaji wenye vyeo na uzoefu mkubwa, likikiri kwa kitendo hicho kwamba shughuli za mtu kazini ni sehemu ya kipimo cha ufaafu wake na hazipaswi kuvunjwa ili apimwe. Kamati ya udahili inaposoma wasifu wa mwombaji wa Nairobi au Dar es Salaam, hukutana na miezi sita isiyo na kazi kabla ya kukutana na alama zake, na maelezo kwamba miezi hiyo ilitumika kujifunza asilimia na uwiano hayamjengei sifa ya mtu anayeweza kubeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Alama thelathini zaidi, kama zingepatikana kwa njia hiyo, zinaweza kugharimu habari nzima ya kupandishwa cheo ambayo ingeandikwa katika miezi ile ile.

Haimaanishi kwamba mwenye kazi asiombe muda wowote. Sheria ya Tanzania inampa siku 28 mfululizo za likizo kila mwaka, na ya Kenya, ya mwaka 2007, siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kamili; na siku tano au saba kati ya hizo, zikichukuliwa mwishoni kabisa mwa maandalizi, ni hazina. Kazi yake ni moja: kufanya majaribio kamili ya saa mbili na robo katika saa ile ile ya siku ambayo mtihani wenyewe utafanyika, kusahihisha kila jaribio kwa utulivu kesho yake, na kulala vya kutosha. Yaliyotangulia, yaani mazoezi ya kila siku, daftari la makosa, marudio ya Jumamosi, hayakuhitaji likizo yoyote. Mwajiri mwenye busara ataitoa wiki hiyo bila kinyongo, na wapo waajiri wengi wanaopaswa kujifunza kuitoa, hasa wale wanaojisifu kwamba wanakuza vipaji na kisha humtazama kwa jicho baya mfanyakazi anayesoma.

Inabaki hofu ya haraka, kwamba dirisha la maombi linafungwa na asiyeacha kazi sasa atachelewa. Matokeo ya GMAT hudumu kwa miaka mitano tangu siku ya mtihani, na asiyeridhika anaruhusiwa kuurudia baada ya siku 16, hadi mara tano katika kipindi cha miezi kumi na miwili. Mhasibu wa miaka ishirini na minne anayetaka kuingia chuoni akiwa na miaka ishirini na minane anaweza kuanza mwaka huu kwa saa moja kwa siku, akafanya mtihani mwakani, akaurudia kwa mshahara wa mwezi unaofuata kama alama hazikumridhisha, na bado akawa na miaka ya kutosha ya kuomba chuo na kutafuta ufadhili akiwa na matokeo mkononi.